Inspekta Derrick: Aliwakamata wauaji miaka 24, siri yake ikamkamata kaburini

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo. Stori hii nimekaa nayo tangu 2013, na kila nikitaka kuiandika naona bado haijaiva. Sasa nadhani imeiva.

Ni stori ya Mjerumani mmoja aliyeitwa Horst Tappert. Najua wengi wenu mlioko hapo cafe, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye dakika zisije zikaisha, jina hilo halisemi kitu. Lakini waulizeni wazazi wenu, hasa waliokulia Kenya au huku kwetu kaskazini, habari za Inspekta Derrick. Utaona mzee anatabasamu peke yake. Huyo ndiye Horst Tappert.

Kabla ya 1994 Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni. Vijana huwa hawaamini hili. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, sisi Bara tukabaki na redio. Ila sie wa Moshi tulikuwa na bahati ya kukaa mpakani. Ukiwa na seti yako na ukasimamisha antena kwenye mlingoti mrefu, unainasa televisheni ya taifa ya Kenya. Mtaani kwetu seti ilikuwa moja tu, kwa jirani mmoja mfanyabiashara, na sebule yake ilikuwa ukumbi wa kata. Wazee kwenye makochi, kina mama mlangoni, watoto chini kwenye mkeka. Picha ikianza chengachenga kijana mmoja anatumwa nje kuuzungusha mlingoti, na sisi wa ndani tunampigia kelele akishafika penyewe.

Mzee wangu alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Hakuwa shabiki wa mpira wala dansi. Alikuwa shabiki wa Derrick. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiingereza, na kwa kuwa sisi watoto tulikuwa hatuambulii kitu, kesho yake ndiyo anatusimulia akiwa anapiga randa. Mwaka 1988 alizaliwa mdogo wetu wa mwisho. Mama alikuwa na jina lake la Biblia tayari. Mzee akaenda kuandikisha mtoto, akarudi na cheti chenye jina la inspekta. Mama alinuna wiki nzima!

Kwa hiyo mkiniona nimeandika kwa kirefu, mjue ndani ya nyumba yetu huyu Mjerumani hakuwa mtu wa kwenye TV tu. Alikuwa kama ndugu.

MTOTO WA ELBERFELD

Tappert alizaliwa tarehe 26 Mei 1923 Elberfeld, mji ambao miaka sita baadaye uliunganishwa na majirani zake ukawa Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Nyumba ya kawaida, si tajiri si maskini. Kijana akajifunza kazi za biashara, mahesabu na kutunza vitabu vya duka. Hakuna aliyemtegemea kuwa mwigizaji, na yeye mwenyewe hakuwa na ndoto hiyo.

Hesabu miaka, mdau. Hitler anashika madaraka Januari 1933, kijana ana miaka tisa. Vita inaanza Septemba 1939, ana miaka kumi na sita. Kizazi hicho cha wanaume wa Kijerumani kilikwenda vitani karibu chote, na wengi hawakurudi. Yeye alirudi. Baadaye, akishakuwa maarufu, alikuwa akiulizwa kuhusu vita anajibu kwa ufupi sana: alikuwa mhudumu wa majeruhi jeshini, akachukuliwa mateka, yakaisha. Hata mwaka 1998 alipotoa kitabu cha maisha yake hakuongeza la maana juu ya hilo. Watu wakaridhika. Kwanza ni nani anamchimba mzee kuhusu vita?

Tuliache hapo kwanza. Tutalirudia.

Vita ilipoisha 1945 nchi yote ilikuwa kifusi na kazi hakuna. Tappert akasikia jumba la maonyesho la mji wa Stendal linatafuta mtunza hesabu. Akaenda kuomba kazi ya vitabu. Akaishia jukwaani. Ndivyo alivyoingia kwenye uigizaji, kwa mlango wa ofisi ya mhasibu. Hapo alikuwa na miaka ishirini na mbili. Baada ya Stendal akazunguka majumba ya maonyesho ya Göttingen, Kassel na Bonn, mpaka 1956 akafika Munich na kukaa miaka kumi na zaidi kwenye jumba kubwa la Kammerspiele. Mshahara wa wastani, heshima ya wastani, jina linajulikana kwa wapenda maonyesho tu. Aliwahi kuoa mara mbili na ndoa zikavunjika. Mwaka 1957 akamuoa Ursula, akadumu naye mpaka kifo.

ALIANZA KAMA MWIZI

Hii huwa inanichekesha. Mtu tunayemjua kama askari alipata umaarufu kwa kuigiza jambazi!

Agosti 1963 kule Uingereza majambazi walisimamisha treni ya posta usiku wakaondoka na zaidi ya pauni milioni mbili na nusu. Dunia nzima ilizungumza. Wajerumani wakaitengenezea filamu ya televisheni ya sehemu tatu, ikaonyeshwa 1966, na Tappert akapewa nafasi ya kiongozi wa genge. Alikuwa mrefu, mtulivu, anapanga wizi kama anapanga harusi. Ujerumani Magharibi ikamjua kwa siku tatu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Baada ya hapo watengenezaji wa filamu wakamgeuza upande. Akaigiza inspekta wa Scotland Yard kwenye zile filamu za Kijerumani zilizotokana na vitabu vya Edgar Wallace, zenye ukungu, majumba ya kutisha na wauaji waliofunika nyuso. Akacheza na filamu nyingine za hovyo hovyo ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Kumbe yote hayo yalikuwa mazoezi.

DERRICK NA HARRY

Tarehe 20 Oktoba 1974 kituo cha ZDF kikarusha kipande cha kwanza cha tamthilia mpya iliyoitwa Derrick, wakishirikiana na vituo vya taifa vya Austria na Uswisi. Tappert alikuwa na miaka hamsini na moja, umri ambao kwetu mtu anaanza kuhesabu miaka ya kustaafu. Aliyeizalisha alikuwa Helmut Ringelmann. Aliyeiandika alikuwa Herbert Reinecker, na shikeni jina hilo, maana vipande vyote 281 vya miaka 24 viliandikwa na mkono wa mtu huyo mmoja. Kabla ya hapo alishaandika vipande vyote 97 vya tamthilia nyingine ya polisi, Der Kommissar. Huyo mzee alikuwa mashine.

Stephan Derrick ni inspekta mkuu wa kikosi cha mauaji cha Munich. Suti nzuri, koti la mvua, miwani mikubwa, na mifuko chini ya macho kama mtu ambaye hajalala tangu Jumatatu. Hana mke wala watoto. Hapandishi sauti, na bastola ni kwa nadra. Anakuja, anakaa kwenye kochi la mshukiwa, anauliza swali dogo, halafu anamtazama. Basi. Anamtazama tu mpaka yule mtu anaanza kutapatapa mwenyewe.

Pembeni yake yuko Harry Klein, msaidizi, aliyeigizwa na Fritz Wepper. Harry alihamishwa kutoka Der Kommissar, ambako kiti chake kilichukuliwa na Elmar Wepper, mdogo wake wa damu. Harry ni kijana, mchangamfu, anafanya kazi zote za kukimbia. Wajerumani wana msemo wa utani kwamba kazi ya Harry ni kutumwa na bosi akalete gari. Cha ajabu, sentensi yenyewe kama watu wanavyoitaja haimo kwenye kipande hata kimoja. Watu wameitunga na wakaiamini. Kuna na afande Berger wa ofisini, Willy Schäfer, ambaye alikaa miaka hiyo yote akipokea simu na kuleta majalada. Na kila wiki kulikuwa na wageni: waigizaji wakubwa kama Maria Schell na Lilli Palmer walipita humo, mara mjane, mara mama wa muuaji.

Sasa swali. Kwa nini kitu cha polepole namna hii kilipendwa miaka 24, kikauzwa nchi zaidi ya mia moja? China walikitia Kichina. Afrika Kusini walimsikia Derrick akizungumza Kiafrikaans. Wataliano, Wafaransa, Wanorwe, wote walikuwa wake. Mpaka sisi kwenye mkeka Moshi!

Nimefikiri sana na majibu yangu ni matatu.

La kwanza, ilikuwa rahisi kufuatilia. Vipande vya mwanzo mwanzo ulikuwa unamwona muuaji tangu dakika za kwanza. Hakuna fumbo. Swali ni moja tu: Derrick atamfikiaje? Hata asiyejua lugha anafuata kwa macho. Ndiyo maana mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui kabisa, alikuwa akimjua muuaji kabla ya mzee.

La pili, wauaji hawakuwa vibaka. Walikuwa madaktari, wakurugenzi, watoto wa matajiri wenye majumba ya bustani kandokando ya Munich. Watu wa heshima zao. Derrick anaingia kwenye nyumba hizo kwa adabu zote na kutoka na mwenye nyumba. Kwa mtu wa hali ya chini, popote duniani, hiyo ni burudani ambayo haichuji. Kila mtu ana bwana mkubwa wake ambaye angependa Derrick amtembelee.

La tatu ndilo kubwa. Derrick aliamini kwamba dhambi haikai kimya. Ukiua, ukadanganya, ukaficha, kitu hicho kinakula kutoka ndani, na mwisho unasema mwenyewe. Wengi wao hawakukamatwa kwa ushahidi wa maabara. Walikamatwa kwa sababu walichoka kubeba. Mzee wangu alilipenda hilo kuliko yote. Nyumbani kikivunjika kitu hakushika fimbo. Alitupanga mstari, akavaa miwani yake ya kazi, akatutazama kimya. Nawaambia, fimbo ilikuwa afadhali.

MWISHO WA KAZI, MWISHO WA SAFARI

Kipande cha mwisho kilirushwa tarehe 16 Oktoba 1998. Tappert alikuwa na miaka sabini na mitano. Watazamaji walidhani watamuua, kama kawaida ya tamthilia. Hapana. Derrick anapata kazi kubwa Ulaya, kwenye Europol, anaaga, anaondoka. Wakati huo Ujerumani ilishakuwa na vijana wengi waliozaliwa, wakasoma na kuoa huku Derrick akiwa hewani.

Baada ya hapo mzee alipumzika. Alipenda kuvua samaki, na nchi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Norway, ambako alikuwa na nyumba ya mapumziko Hamarøy, kaskazini ya mbali kabisa. Wanorwe walimpenda kama mtu wao. Mwaka 2004 yeye na Wepper walikutana tena kutia sauti kwenye filamu ya katuni iliyowatania wenyewe. Tarehe 13 Desemba 2008 Horst Tappert akafariki Planegg, karibu na Munich, akiwa na miaka themanini na mitano. Akazikwa kwa heshima. Magazeti yalimlilia kama babu wa taifa.

Stori ingeishia hapo ingekuwa nzuri ya kumsimulia mtoto.

KILICHOTOKEA 2013

Aprili 2013 nilikuwa cafe, nimemaliza kutuma barua yangu nikabakiwa na dakika kumi na tano za kulipia. Nikazurura kwenye habari za Ulaya. Nikakutana na sura ya Derrick, miwani ile ile. Nikadhani wanaadhimisha kitu. Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma ya pili, nikaongeza nusu saa.

Mtafiti mmoja Mjerumani, Jörg Becker, alikuwa anachimba habari za mtu mwingine kabisa. Katika makaratasi ya zamani ya askari yaliyohifadhiwa Berlin akakutana na jina la Horst Tappert. Makaratasi yalisema hakuwa mhudumu wa majeruhi wa jeshi la kawaida. Machi 1943, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa askari wa Waffen-SS, divisheni ya Totenkopf, jina ambalo maana yake ni fuvu la kichwa, upande wa vita na Warusi.

Kwa asiyejua: SS lilikuwa jeshi la chama cha Hitler, mbali na jeshi la nchi. Hao ndio walioendesha kambi za mauaji ya Wayahudi. Na divisheni hiyo ya fuvu ilipoundwa 1939, askari wake wa mwanzo walitolewa miongoni mwa walinzi wa kambi za mateso. Kumkuta babu wa taifa humo ni sawa na kumkuta imamu wenu au padre wenu kwenye jalada la majambazi.

Nataka tuwe waungwana hapa. Makaratasi yale yanataja jina, tarehe na kikosi. Hayamtaji kwamba aliua raia au alilinda kambi. Na kufikia miaka hiyo ya katikati ya vita SS walikuwa wanachukua hata vijana ambao hawakujitolea. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tisa. Mimi katika umri huo nilikuwa natumwa dukani.

Lakini kukaa kimya miaka sitini na tatu si kosa la mtoto wa miaka kumi na tisa. Hilo alilifanya mtu mzima, tajiri, mwenye umaarufu wa dunia, aliyekaribishwa Norway, nchi iliyokaliwa na majeshi ya Hitler miaka mitano, akavua samaki zao na kula nao. Na alilifanya huku kila wiki akikaa kwenye kochi la mshukiwa akimtazama kimya mpaka aseme.

ZDF wakatangaza kwamba hawatairudia tena tamthilia hiyo. Kituo kimoja cha Uholanzi kilichopanga kuirusha upya kikaacha. Ulaya yote watu wakabishana: tulichokuwa tunakipenda kilikuwa nini?

Halafu nikaanza kuangalia na wengine. Yule mwandishi, Reinecker, aliyefariki 2007, kumbe enzi za Hitler alikuwa mhariri wa magazeti ya vijana wa chama, na vitani akawa mwandishi wa habari wa SS. Hilo lilikuwa linajulikana kabla. Kwa hiyo zile hadithi zote 281 za watu wa heshima wenye siri sebuleni ziliandikwa na mtu aliyekuwa na ya kwake. Mpaka leo najiuliza kama ndiyo sababu aliziandika vizuri hivyo.

Na Harry je? Fritz Wepper alizaliwa 1941, vita hakuijua ila kwa kumkosa baba, maana baba yake alipotelea huko. Mwaka 1972, kabla ya Derrick, aliigiza kwenye filamu maarufu ya Cabaret kama kijana wa Berlin anayeficha kwamba yeye ni Myahudi, mpaka anajitangaza kwa ajili ya mapenzi. Wepper alifariki Machi 2024. Mpangilio huo huwa unanisimamisha: msaidizi aliigiza mtu anayejificha kwa kuwaogopa Manazi, bosi alikuwa anaficha kwamba alivaa sare zao. Wakapanda gari moja miaka ishirini na nne.

MZEE NA SAA YAKE

Siku ile nilichapisha habari yote, kurasa nne, nikapanda basi Jumamosi kwenda Moshi. Nilidhani naenda kumpa mzee umbea wa karne. Nikamtafsiria barazani, mdogo wetu mwenye jina akiwa pale pale.

Mzee hakusema kitu muda mrefu. Kisha akavua saa ya mkononi akaiweka mezani.

Saa hiyo tumeizoea tangu tupo wadogo. Tulijua aliinunua Kampala. Mzee alikuwa mgambo, mwaka 1979 akaenda na majeshi yetu Uganda kumng'oa Idi Amin. Kila tarehe ya mashujaa tulikuwa tunajivuna naye shuleni. Kuhusu vita yenyewe alikuwa na sentensi moja: tulikwenda, tukashinda, tukarudi. Hatukumchimba. Ni nani anamchimba mzee kuhusu vita?

Siku ile ndiyo akatuambia kwamba hakuinunua. Aliichukua Masaka, kwenye nyumba ambayo wenyewe walikimbia, chakula kikiwa bado mezani. Alimkuta mbwa wamemfunga uani, hana maji. Mbwa alimfungulia. Saa akaichukua. Alisema hata leo akiangalia saa ngapi humwona yule mbwa kwanza.

Ni hivyo tu. Hakuua mtu humo ndani. Wengine wataniambia vita ni vita, saa moja ni kitu gani. Lakini nilimwona mzee wa miaka zaidi ya sitini akishusha kitu alichokibeba miaka thelathini na nne, na nikaelewa kwa nini alimpenda Derrick. Alikuwa anakaa kwenye kochi la jirani akisubiri aulizwe. Hakuna aliyemuuliza, mpaka yule inspekta mwenyewe alipokamatwa.

Tappert hakupata hiyo nafasi, au aliipata kila siku akaiacha ipite. Alipotajwa 2013 alikuwa chini ya ardhi miaka minne na zaidi, hawezi kueleza, hawezi kujitetea, hawezi kuomba radhi. Labda kijana yule alichukuliwa kwa nguvu. Labda aliona mambo akayachukia. Angesema mwenyewe, akiwa hai, naamini wengi wangemsikiliza, kama Derrick alivyokuwa anawasikiliza wauaji wake hadi mwisho bila kuwakatiza.

Mdogo wangu tulimuuliza kama anataka kubadilisha jina. Akakataa. Alisema jina ni la mtu aliyekuwa anatafuta ukweli, na mtu huyo hakuwahi kuwepo, kwa hiyo hana doa. Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Saa haivai tena. Iko kwenye droo ya karakana, pamoja na misumari ya inchi tatu.

Mimi bado natazama Derrick nikimpata. Bado ni mtamu. Ila sasa yule mzee mwenye mifuko chini ya macho akimkazia mtu macho, namtazama na yeye.

Vijana, niwaombe kitu kimoja kabla dakika zenu hazijaisha. Nyumbani kwenu kuna babu au bibi mwenye sentensi moja tu kuhusu jambo kubwa: vita, Operesheni Vijiji, mapinduzi, ukimbizi, chochote. Msimhukumu. Nendeni mkakae naye, muulizeni swali dogo, halafu mkae kimya kama Derrick. Makaratasi yatakuja kusema siku moja, lakini makaratasi hayajui habari ya mbwa.

Nani mwingine anaikumbuka ile sauti ya muziki wake wa mwanzo na kelele za kuzungusha antena? Tiririkeni hapo chini kwenye maoni. Na kama mzee wako alikwenda Kagera, tusimulie amekwambia nini.

Wasalaam, tuonane wiki ijayo.